Wao wanabomoa mchana, wanakijiji wanajenga usiku: Kijana, uko upande gani?

NDUGU msomaji, wewe kijana unayesoma gazeti hili kijiweni, ndani ya daladala au ukisubiri zamu yako kwa kinyozi, unaijua vizuri alama ya X nyekundu. Unajua maana yake inapochorwa ukutani. Unajua katapila linavyofika asubuhi, nyuma yake askari wenye virungu, na mama anavyokimbia kutoa godoro na masufuria kabla ukuta haujalala chini. Waliokuwa bonde la Msimbazi Desemba 2015 wanaijua. Waliokuwa Kimara mwaka 2017, barabara ya Morogoro ilipotakiwa kupanuliwa, wanaijua zaidi.

Leo hatuzungumzii Kimara. Tunataka twende mbali, kwenye vilima vya kusini mwa mji wa Hebron, Palestina, ambako watu wameishi na hiyo X miaka nenda miaka rudi. Huko wako wanakijiji, na wako wageni waliokuja kuwasaidia, ambao hushika koleo na kumwaga zege wakijua fika kwamba wiki ijayo katapila laweza kuja. Sisi tunasema watu hao wana haki, na wanastahili kuungwa mkono nawe pia. Tutasema kwa nini, bila kuuma maneno.

Tuanze na neno moja dogo: kibali. Humo ndimo ujanja wote ulimojificha.

Israel iliuteka Ukingo wa Magharibi katika vita vya Juni 1967. Mwaka 1971 jeshi lake likatoa amri namba 418, likawanyang'anya wenyeji madaraka ya mipango ya ardhi katika vijiji vyao. Kuanzia hapo, nani ajenge na wapi likawa jambo la kuamuliwa na mwenye bunduki. Ukaja mwaka 1995, mapatano ya pili ya Oslo yakaigawa ardhi hiyo mafungu matatu, A, B na C. Fungu C, ambalo ni kama asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi wote, likabaki mikononi mwa Israel kwa ulinzi na kwa mipango ya ujenzi. Watu waliambiwa ni kwa muda tu. Muda huo haujakwisha hadi leo.

Katika fungu C, Mpalestina akitaka kujenga chumba kimoja juu ya shamba la babu yake lazima aombe kibali kwa ofisi inayoitwa Utawala wa Kiraia. Jina zuri, lakini ni idara ya jeshi. Anapeleka ramani, anapeleka karatasi za ardhi, analipa ada, anasubiri. Kati ya mwaka 2016 na 2018 yalipelekwa maombi 1,485. Yaliyokubaliwa ni 21. Soma tena, kijana, usidhani mpiga chapa amekosea. Ishirini na moja! Katika kila maombi mia, hata mawili hayafiki.

Sasa tuulizane kama watu wazima. Mtu ana watoto, mwanawe wa kwanza ameoa, nyumba ya vyumba viwili haitoshi. Akiomba kibali hapewi. Akijenga bila kibali anaitwa mvunja sheria. Akihamia mjini, shamba lake likikaa bila kulimwa laweza kutangazwa mali ya serikali. Afanye nini? Alale juu ya mti?

Haya, tazama kilima cha pili. Hapo wanakaa walowezi. Wana maji ya bomba, wana umeme, wana barabara ya lami na mageti yenye walinzi. Walowezi wote, ukiwahesabu na wa Jerusalem Mashariki, wamezidi 700,000. Na wako miongoni mwao waliojenga vituo vyao juu ya vilima bila kibali chochote, hata kwa sheria ya Israel yenyewe. Je, hao walipelekewa katapila? Baadhi yao, mara chache. Lakini Februari 2023 baraza la mawaziri la Israel lilikaa likaamua kuvihalalisha vituo vya namna hiyo 9 kwa mpigo, na Mei 2025 likatangazwa jambo jingine la kuanzisha au kuhalalisha makazi 22. Mmoja bila kibali anabomolewa, mwingine bila kibali anavutiwa umeme. Hiyo ndiyo sheria tunayoambiwa iheshimiwe.

Na nani msimamizi wa mambo hayo tangu mwaka 2023? Bezalel Smotrich, waziri wa fedha ambaye pia alipewa kiti ndani ya wizara ya ulinzi na madaraka makubwa juu ya mipango ya ardhi ya Ukingo wa Magharibi. Yeye mwenyewe ni mlowezi, na ni mmoja wa waanzilishi wa jumuiya ya Regavim, ambayo kazi yake kubwa ni kuwinda nyumba za Wapalestina zisizo na kibali ili zibomolewe. Wahenga waliona mbali: fisi kakabidhiwa bucha.

Twende sasa Masafer Yatta. Ni vijiji vidogo vidogo vya wafugaji na wakulima, Jinba, al-Fakhit, al-Markaz, Mufaqara na vingine. Wengine huko wamekuwa wakiishi mapangoni tangu enzi za mababu, pango likiwa nyumba, ghala na zizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jeshi likatangaza kwamba eneo hilo ni uwanja wa kulengea shabaha, likalipa namba 918. Eti askari hawana mahali pengine pa kufanyia mazoezi! Lakini siri haikai. Mwaka 2020 zilitolewa hadharani kumbukumbu za kikao cha mwaka 1981, ambamo Ariel Sharon, wakati huo waziri wa kilimo, alilipa jeshi ardhi ya eneo hilo kwa sababu aliyoitaja waziwazi: kuzuia Waarabu wa vilimani wasienee. Bunduki zilitangulizwa ili watu watoke.

Novemba 1999 jeshi likawasomba wakazi kama 700, likawatupa nje. Walikwenda mahakamani, wakapata amri ya muda ya kurudi, wakarudi. Kesi ikaendelea zaidi ya miaka 20. Mei 4, 2022 Mahakama Kuu ya Israel ikakata shauri: jeshi lina ruhusa ya kuwaondoa. Watu zaidi ya elfu moja, kwa karatasi moja. Tangu siku hiyo katapila halikulala. Mei 2025 lilifika kijiji cha Khallet al-Dabaa, na siku moja tu ilitosha kuangusha sehemu kubwa ya kijiji.

Hapa ndipo wanapoingia wajenzi, na hapa ndipo tunapotaka kijana ufungue masikio.

Katika kijiji cha at-Tuwani, jirani na hapo, watu walitaka shule. Kibali hakuna. Wakafanya hesabu: askari wakija mchana wakakuta wanaume wanajenga, watawakamata. Basi akina mama wakajenga mchana, wanaume wakajenga usiku. Shule ikasimama. Mwaka 2009 Tony Blair, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, alipita kijijini hapo kwa dakika chache tu, wapiga picha wakiwa nyuma yake, na amri ya kuibomoa shule ile ikafutwa. Habari hiyo inasimuliwa katika filamu ya No Other Land, iliyotengenezwa na vijana wawili wa Kipalestina pamoja na vijana wawili wa Kiisraeli, ikapata tuzo ya Oscar Machi 2025. Jifunze hapo mambo mawili. Kwanza, akina mama waliobeba mawe juani walifanya kazi kuliko mikutano mingi ya kimataifa. Pili, dakika chache za mkubwa mmoja zilitosha kuiokoa shule, maana yake wakubwa wa dunia wanaweza, ila hawataki.

Karibu na Jerusalem, katika mji mdogo wa Anata, ipo habari ya nyumba iliyopewa jina Beit Arabiya. Mwenyewe aliomba kibali mara kadhaa, akakataliwa, akajenga. Julai 1998 ikabomolewa. Hapo wakajitokeza Waisraeli wa kamati ya kupinga ubomoaji wa nyumba, ICAHD, iliyoundwa mwaka 1997 na mwalimu wa chuo kikuu Jeff Halper pamoja na wenzake. Hawakuja na hotuba. Walikuja na saruji. Wakajenga na mwenye nyumba, ikabomolewa, wakajenga tena. Hadi mwaka 2012 nyumba hiyo ilikuwa imebomolewa mara 6. Kamati hiyo ilikuwa ikifanya makambi kila kiangazi, vijana wa nchi mbalimbali wanakuja kwa wiki mbili, wanachanganya zege, wanapokezana ndoo, wanapanga tofali, na jioni mwenye nyumba anapewa ufunguo. Nyumba walizozirudishia uhai namna hiyo zimepita 150.

Wapo wengine. Ta'ayush, kikundi cha Wayahudi na Waarabu kilichoanza mwaka 2000, hupanda vilima hivyo karibu kila Jumamosi kusimama na wachungaji na wakulima. Vijana wa Kiitaliano wa Operazione Colomba walikaa at-Tuwani tangu mwaka 2004, wakisindikiza watoto wasipigwe na walowezi njiani kwenda shule. Wanafizikia wa Kiisraeli wa kikundi cha Comet-ME walifunga mitambo ya umeme wa jua na upepo kwenye mahema na mapango. Rabi Arik Ascherman, kiongozi wa dini ya Kiyahudi, alisimama mbele ya katapila mwaka 2003 akakamatwa na kushitakiwa. Kazi ya msaidizi huko si kubeba tofali tu. Ni kulala ndani ya nyumba kama shahidi, kupiga picha, kubeba tenki la maji, kumtafutia mwanakijiji wakili. Tangu mwaka 2018 jeshi lina amri namba 1797, inayoruhusu jengo jipya liondolewe saa 96 tu baada ya tangazo. Siku nne! Bila mtu wa kukimbia mahakamani, tangazo laweza kubandikwa Jumatatu na Ijumaa usione hata bati.

Wengine walilipa kwa roho zao. Machi 16, 2003 msichana wa Kimarekani, Rachel Corrie, umri miaka 23, alisimama mbele ya nyumba ya familia moja huko Rafah, Gaza, ili isibomolewe. Katapila la jeshi likamponda akafa. Sisi tumezoea kuyaita mashine yale katapila bila kufikiri, lakini lile lililomuua lilikuwa Caterpillar kweli, aina ya D9, limetoka nchini kwake mwenyewe. Wazazi wake walikwenda mahakamani Haifa, na mwaka 2012 mahakama ikasema jeshi halina hatia. Julai 2025, katika kijiji cha Umm al-Khair ubavuni mwa makazi ya walowezi ya Carmel, mwalimu mmoja aliyekuwa akipigania nyumba za jirani zake alipigwa risasi akafa.

Tunajua kijiweni kuna wabishi, na ubishi ni haki yao. Tuwajibu.

Wa kwanza atasema: sheria ni sheria, hata hapa kwetu asiye na kibali anabomolewa. Ndugu yetu, tofauti iko hapa. Wewe ukibomolewa Kimara, aliyetia sahihi amri hiyo anatokana na serikali unayoweza kuipigia kura ya kuiondoa, hata kama kura hizo huibwa mara nyingi, na ndiyo maana chama hiki kipo. Mwanakijiji wa Jinba hana kura katika Bunge la Israel. Mlowezi wa kilima cha pili anayo. Mwanakijiji anahukumiwa kwa sheria za jeshi, mlowezi kwa sheria za kiraia. Mkataba wa nne wa Geneva, kifungu cha 53, unamkataza mtekaji kuharibu mali za watu aliowateka isipokuwa vita vyenyewe vimelazimisha kabisa. Kifungu cha 49 kinamkataza kuhamishia watu wake katika ardhi aliyoiteka. Na Julai 19, 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ilitoa maoni kwamba kuwapo kwa Israel katika ardhi hizo ni kinyume cha sheria, na kwamba kila nchi ina wajibu wa kutoisaidia hali hiyo. Sasa mvunja sheria ni nani, aliyejenga choo au aliyeleta katapila?

Wa pili atasema: kujenga nyumba itakayobomolewa ni kutupa saruji. Swali zuri, na hatutaki kudanganya mtu kwamba kila nyumba inasalimika. Nyingi zimelala. Lakini uliza kijiji cha Susya. Wakazi walifukuzwa mwaka 1986 kwa kisingizio kwamba hapo pana magofu ya kale. Wakahamia mashambani kwao mita mia chache tu, wakabomolewa mara kwa mara, na bado hawajang'oka. Uliza Khan al-Ahmar, Mabedui waliofukuzwa Negev tangu miaka ya 1950, ambao mwaka 2009 walijengewa na Waitaliano shule ya matairi makuukuu na udongo. Mwaka 2018 mahakama iliruhusu kijiji kizima kibomolewe. Dunia ikapiga kelele, mwendesha mashtaka wa mahakama ya ICC, dada yetu Mwafrika Fatou Bensouda wa Gambia, akaonya kwamba kubomoa bila sababu ya kivita kunaweza kuwa kosa la jinai ya kivita. Serikali ya Israel ikaahirisha, ikaahirisha tena. Uliza al-Araqib huko Negev, ndani ya Israel yenyewe, kijiji cha raia wa nchi hiyo, kilichobomolewa mara ya kwanza Julai 2010 na kikajengwa upya zaidi ya mara 200. Nia ya mbomoaji ni mtu achoke, aondoke mwenyewe. Kila ukuta unaosimama tena unamwambia mbomoaji: hatujachoka. Wapalestina wana neno lao, sumud, yaani kukaa kitako katika ardhi yako usitikisike.

Wa tatu, na huyu ndiye wa hatari, atasema: haya ni mambo ya Waislamu, au kinyume chake, kumpinga Israel ni kumpinga Mungu. Kijana, huo udini ulioletwa kijiweni kwako ni changa la macho. Agosti 2019, katika bonde la al-Makhrour karibu na Beit Jala, familia ya Kikristo ilibomolewa nyumba na mgahawa wake kwa kosa lilelile la kibali. Na wengi wa waliobeba tofali tuliowataja hapo juu ni Wayahudi. Katapila halisomi Biblia wala Korani. Anayemtukana Myahudi kwa Uyahudi wake anamtukana pia Rabi aliyesimama mbele ya katapila.

Wala hatusahau Oktoba 7, 2023. Siku hiyo Hamas na wenzao waliua watu wengi kusini mwa Israel, na kati ya waliouawa walikuwamo vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda kusomea kilimo. Vijana wa rika lako. Waliowaua walitenda unyama, na gazeti hili halina kigugumizi katika hilo. Lakini mchungaji wa Masafer Yatta hakuwaua. Amri ya kumbomolea iliandikwa kabla vijana wale hawajazaliwa. Damu yao isigeuzwe mafuta ya katapila.

Sasa tuiulize serikali yetu. Mwaka 1973 Tanzania ya Mwalimu ilivunja uhusiano na Israel. Tulikuwa maskini kuliko leo, lakini tulikuwa na kauli. Mwaka 1995 uhusiano ukarudi, na mwaka 2018 tukafungua ubalozi Tel Aviv. Hatusemi balozi afungashe virago. Kuzungumza si dhambi. Tunauliza tu: huyo balozi wetu amekwishapanda gari akaenda Masafer Yatta kuona, kama wanavyokwenda mabalozi wa Ulaya? Mwaka 2017 nchi 8 za Ulaya, Ubelgiji ikiwa mbele, ziliidai Israel fidia ya zaidi ya euro 30,000 kwa misaada yao iliyobomolewa au kutwaliwa. Sisi tuliowahifadhi wapigania uhuru wa nusu ya Afrika tumepata ububu wapi? Au biashara imekuwa tamu kuliko utu?

Nawe kijana, usiseme huna kitu. Kwanza, jua habari yenyewe, na ukibishana bishana kwa namba na miaka, si kwa matusi. Pili, mbunge wako akija kuomba kura muulize msimamo wake juu ya maoni ya Julai 2024, na usimwache aondoke na wimbo. Tatu, wewe unayesomea ujenzi, ramani au sheria, jua kwamba kuna vikundi vinavyohitaji mikono na vichwa vya aina yako, hata ukiwa hukuhuku. Nne, ukitaka kuchanga, changa kwa kikundi kinachojulikana na kinachotoa risiti. Usimpe kila mwenye boksi na picha ya mtoto analia, maana matapeli nao wanajua kulia. Tano, na kubwa kuliko yote, jirani yako hapa mtaani akichorwa X bila kusikilizwa, usikae ukutani kutazama. Huwezi kuwa shujaa wa Hebron na mtazamaji wa Manzese.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenzetu wa Masafer Yatta wamejenga ukuta huohuo mara nyingi mno, na ufa hawakuutia wao. Umetiwa na wenye nguvu, mbele ya macho ya dunia. Wakati wewe unamaliza kusoma ukurasa huu, huko kuna mtu anachanganya zege gizani bila taa, asije akaonekana. Hakuombi umhurumie. Anataka ujue yuko wapi, anafanya nini, na kwa nini hataondoka.